Kibarua na Daftari la Parokia: Dini na Haki ya Wahamiaji wa Kazi katika Bukoba na Muleba

Katika mwaka wa 1904 vijana wachache wa Rwanda waliletwa Rubya, katika nchi ya Ihangiro ambayo siku hizi imo katika wilaya ya Muleba, wapate kusoma Kilatini na kujaribiwa kama wanafaa kuwa mapadri. Wengine walishindwa na masomo, wengine wakarudi kwao. Wawili kati ya wanafunzi hao wa Rubya, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, walipewa upadri katika mwaka wa 1917, wakawa mapadri wa kwanza wa nchi yao. Hakuna aliyewauliza hati ya kuingia wala kibali cha kukaa. Rwanda, Karagwe, Ihangiro na Kiziba zote zilikuwa chini ya bendera moja ya Kijerumani, na Mapadri Weupe waliofika Kashozi mwaka 1892 pamoja na Askofu Joseph Hirth, wakikimbia vita vya Buganda, ndio hao hao waliofungua misheni ya Save huko Rwanda mwaka 1900. Dini ilitoka kaskazini ikaja Bukoba, ikatoka Bukoba ikaenda magharibi, na watu wakafuata njia zile zile.

Habari hii ya Rubya yafaa itangulie, kwa kuwa wengi husimulia historia ya wahamiaji wa Kagera kana kwamba ilianza na mpaka, na aliyevuka akawa mkosaji tangu mwanzo. Sivyo ilivyokuwa. Watu walitangulia kuvuka, mstari ukaja baadaye. Tena hata mstari wenyewe haukutulia. Katika Mei 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walipatana namna ya kugawana nchi iliyotekwa kwa Wajerumani, na Gisaka, jimbo la mashariki la Rwanda, likaangukia upande wa Waingereza. Mwami Musinga alilalamika. Askofu Léon Classe wa Mapadri Weupe alilalamika naye, akaandika na kuwaendea wakubwa wa Ulaya mpaka neno lake likasikiwa. Mwaka 1924 ulipoanza, Gisaka ilikuwa imerudi kwa Wabelgiji. Bugufi, iliyokuwa ya mwami wa Burundi, haikupata mtetezi wa namna hiyo, ikabaki Tanganyika, na leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara. Mtu wa Gisaka alitawaliwa na Mjerumani, kisha Mbelgiji, kisha Mwingereza, kisha Mbelgiji tena, bila kuhama nyumba aliyozaliwa. Hiyo huenda ndiyo mara ya kwanza katika nchi hizi kwa mtu wa dini kuingilia swali la nani ni mwananchi wa wapi. Askofu yule hakutetea wahamiaji, alitetea nchi. Lakini alionyesha kwamba mstari wa mpaka si amri ya mbinguni, na kwamba waweza kusogezwa kwa barua.

Sasa kahawa. Wahaya waliijua kahawa kabla ya Mzungu. Waliichemsha pamoja na majani, wakaikausha, wakampa mgeni aitafune kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Ilipogeuka kuwa mali ya soko, hasa baada ya Vita vya Kwanza, mashamba yalihitaji mikono. Kibanja cha Mhaya si shamba jepesi: migomba yataka kupaliliwa, kupunguzwa maganda na kuwekewa nyasi, na kahawa iliyopandwa katikati ya migomba huiva kwa msimu wake usiongoja mtu. Vijana wa Kihaya wenyewe walikuwa wakienda shule, au Kampala, au biashara. Kwa hiyo waliajiriwa watu kutoka Rwanda na Burundi.

Watu hao walikuwa na sababu zao za kuja. Huko kwao kulikuwa na kodi ya Wabelgiji, na kazi za shokoa, na njaa. Njaa ya 1928 na 1929, ambayo Wanyarwanda huiita Rwakayihura, iliwatoa watu wengi upande wa mashariki. Ile ya 1943 na 1944, Ruzagayura, ikawatoa wengine. Waliokwenda Buganda kulima pamba wameandikiwa kitabu mashuhuri kilichosimamiwa na Audrey Richards na kupigwa chapa mwaka 1954. Waliobaki njiani, katika vibanja vya Bukoba na Muleba na katika machimbo ya bati ya Karagwe, hawakupata mwandishi kama yeye. Na si ajabu. Aliyekwenda Buganda alionekana barabarani, katika makundi, akahesabiwa kwenye vivuko. Aliyebaki Kamachumu au Kanyigo aliingia katika kibanja cha mtu mmoja, akapewa kibanda pembeni mwa migomba, na kuanzia siku hiyo habari zake zikawa habari za nyumba ile.

Je, mtu wa namna hii alikuwa nani mbele ya sheria? Kwa desturi ya Wahaya, mgeni aliweza kuingia katika jamii kwa mlango mmoja ulioheshimiwa sana, nao ni omukago, yaani udugu wa damu. Tunda moja la kahawa hutoa punje mbili. Kila mmoja wa wale wawili alichanjwa, punje ikapakwa damu, kisha akaitafuna punje yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo hawakuweza kudhuriana, kunyimana chakula wala kufichana hatari, na jambo hilo liliwafunga hata jamaa zao. Punje ile ile iliyomleta kibarua kutafuta mshahara ndiyo iliyoweza, kwa desturi ya zamani, kumfanya ndugu. Lakini omukago ni mapatano ya watu wawili. Haukumwandika mtu popote. Mwenye mapatano akifa, na watoto wake wakigawana kibanja, ushahidi wa omukago ulikuwa katika vinywa vya wazee tu.

Hapa ndipo kanisa lilipoleta kitu kipya, na yafaa kukitazama kwa makini kuliko mahubiri yoyote: daftari. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo iliyowekwa Tanganyika mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika kuandikisha watoto wao. Ilikuwa shughuli ya Wazungu na Wahindi, na ilichukua miaka mingi kuenea wilaya hata wilaya. Mtoto wa Mhaya mwenye kibanja na mtoto wa kibarua wake walikuwa sawa katika jambo hili, kwamba serikali haikujua wamezaliwa. Parokia ilijua. Mapadri Weupe walifuata utaratibu mkali wa Kardinali Lavigerie, uliomtaka mtu apite miaka minne ya mafundisho kabla ya kubatizwa, na kila hatua ilikuwa na karatasi yake. Alipobatizwa, jina lake liliandikwa pamoja na jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa, jina la msimamizi na jina la padri. Alipofunga ndoa, habari ya ndoa ilirudishwa ikaandikwa pembeni mwa mstari wa ubatizo. Walutheri nao waliweka vitabu vyao, kwanza chini ya misheni ya Bethel iliyoingia Bukoba mwaka 1910, kisha chini ya Waswidi.

Kwa hiyo kibarua aliyetoka Burundi na kukaa miaka minne akisoma katekisimu jioni baada ya kupalilia migomba ya mwingine alipata kitu ambacho hakuna bwana wala liwali aliyempa: mstari wenye jina lake, tarehe, na mashahidi wawili. Wakleri walioandika mistari hiyo hawakuwa na nia ya kuwapa watu uraia. Walikuwa wakihesabu roho. Lakini karatasi ina tabia ya kufanya kazi ambayo mwandishi wake hakuikusudia. Hata baada ya Uhuru, katika nchi ambayo wengi hawana cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo kimekuwa moja ya karatasi ambazo watu huzitoa sandukuni wanapotakiwa kuthibitisha walizaliwa lini na wapi.

Pamoja na daftari kulikuwa na udugu. Uamsho wa walokole ulioanza Gahini, katika Rwanda ya mashariki, miaka ya 1930, ulipita Uganda na kufika Buhaya, na njia zake zilikuwa zile zile za vibarua. Yafaa kukumbuka kwamba misheni ya Gahini yenyewe ilikuwa tunda la mstari uliosogezwa: Waingereza wa CMS waliielekea Gisaka walipodhani itakuwa ya Mwingereza, na iliporudi kwa Mbelgiji waliingia hivyo hivyo. Josiah Kibira, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1925 na baadaye kuwa askofu, alikuwa mtu wa uamsho huo. Katika mikutano ya walokole Mhaya, Mganda na Mnyarwanda waliungama mbele ya wenzao na kuitana ndugu. Kwa Mhaya mwenye kibanja kusimama mbele ya mpalilizi wake na kukiri kwamba alimpunja ujira, hilo si jambo dogo, hata kama kesho yake kila mmoja alirudi mahali pake pa zamani.

Waislamu wa Bukoba, ambao dini yao iliingia kwa wafanyabiashara wa Kafuro katika Karagwe kabla ya misheni yoyote, walikuwa na hazina yao ya mafundisho juu ya jambo hili. Kurani yamhesabu msafiri aliyeishiwa miongoni mwa wanaostahili zaka. Tena mwanzo wa tarehe ya Kiislamu ni uhamaji: Mtume alipofika Madina aliwafunga udugu Muhajirina, waliohama Makka bila mali, pamoja na Ansari wenyeji wa mji, mmoja kwa mmoja. Mhaya aliyesikia habari hiyo hakuhitaji kuelezwa sana, kwa kuwa aliujua omukago.

Katika mwaka wa 1952 mambo mawili yalitokea ambayo watu hawayaweki pamoja. Papa Pius XII alitoa waraka wa Exsul Familia, ambamo aliwataka maaskofu wa dunia wawatunze wahamiaji wa kila namna, wakimbizi na watafutao kazi, akaitaja Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wao wote. Na mwaka huo huo Laurean Rugambwa, mwana wa Bukongo karibu na Kamachumu, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Kagera ya Chini, jimbo ambalo mwaka uliofuata liliitwa Rutabo. Jimbo lake lilikuwa ndani ya nchi hii ya kahawa na vibarua. Yeye mwenyewe alikuwa amevuka mpaka kwa masomo, kutoka Rubya mpaka Katigondo katika Uganda. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi, na miaka miwili baadaye aliketi katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Papa huyo huyo katika Pacem in Terris ya 1963 alitaja haki ya mtu kuhama na kufanya makao katika nchi nyingine ikiwa kuna sababu za haki, na Mtaguso mwaka 1965 ukasema kwamba wafanyakazi watokao nchi nyingine wasibaguliwe katika ujira na masharti ya kazi, wala wasifanywe kama vyombo vya kuzalisha tu, bali wasaidiwe kuleta jamaa zao na kuingia katika maisha ya nchi iliyowapokea. Mafundisho hayo yaliandikwa Roma, lakini mtu akiyasoma akiwa Muleba atadhani mwandishi aliwahi kupita katika kibanja.

Upande wa Walutheri, Kibira aliyekuwa askofu wa Kanisa la Kaskazini Magharibi tangu 1964 aliandika kitabu juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu, kilichopigwa chapa mwaka 1974. Swali lake lilikuwa la Mhaya hasa: ikiwa mtu hupata jina, ardhi na ulinzi kwa ukoo wake, kanisa ni nini kama si ukoo mpya? Na kama ni ukoo mpya, je, asiye na ukoo hapa nchini anaingia kwa mlango gani? Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza kukishika kiti hicho.

Basi yadhaniwa kwamba kwa mafundisho kama hayo, na kwa watu wakubwa kama hao waliotoka katika wilaya hizi hizi, mambo ya vibarua wa Bukoba yangetengenezwa mapema. Hayakutengenezwa, na sababu yake yafaa itafutwe katika sheria ya uraia na katika tofauti moja ya maneno: mkimbizi na kibarua.

Oktoba 1961, Bunge lilipojadili uraia wa Tanganyika, walikuwako waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa kwa ukali, akasema kama ni hivyo serikali yake itajiuzulu. Uraia haukufuata rangi. Ulifuata kuzaliwa, lakini si kuzaliwa kwa mtu mwenyewe tu. Aliyezaliwa Tanganyika akawa raia siku ya Uhuru ikiwa mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Tanganyika. Ambaye wazazi wake wote wawili walizaliwa nje alipewa miaka miwili ya kuomba kuandikishwa. Sheria hiyo ilijadiliwa kwa kumfikiria Mhindi na Mzungu. Mwenye duka mjini Bukoba alisoma gazeti, akauliza mwanasheria, akaamua. Mtoto wa Mrundi aliyezaliwa Ihangiro mwaka 1940 alikuwa katika hali ile ile ya sheria aliyokuwa nayo mtoto wa mwenye duka, ila yeye alikuwa amezungukwa na watu walioona kwamba ni mtu wa kwao, naye hakuwa na sababu ya kudhani kwamba kuna tarehe inayopita. Tarehe ikapita.

Wakati huo huo walikuwa wakiingia watu wengine. Tangu 1959 Watutsi walikimbia mauaji ya Rwanda, na wengi wakafika Ngara na Karagwe. Hawa walikuja kwa makundi, pamoja na habari za magazetini, na makanisa yaliinuka mara moja. Mwaka 1964 Shirikisho la Walutheri liliunda shirika la kuwahudumia wakimbizi Tanganyika, lijulikanalo kwa herufi zake TCRS, nalo likafanya kazi Muyenzi katika Ngara, kisha, Warundi walipokimbia mauaji ya 1972, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kazi iligawanywa kwa mapatano ya pande tatu: Serikali ilitoa ardhi, Umoja wa Mataifa ulitoa fedha, na shirika la kanisa lilijenga barabara, visima, shule na zahanati.

Msaada huo ulizaa uraia. Mwaka 1980 Serikali iliwafungulia mlango wa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akapewa medali ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi. Tangu 2007 walioingia mwaka 1972 kutoka Burundi waliulizwa kama wanataka kurudi au kubaki. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa kuwa raia kufikia 2010, ingawa hati zao zilikawia mpaka Oktoba 2014. Ni mara chache katika historia ya dunia nchi maskini kutenda jambo kama hilo, na makanisa yana sehemu yao katika sifa hiyo. Hawakusimama nje wakidai, waliwafanya watu hao waonekane kuwa wakulima, walipa kodi na wazazi wa wanafunzi, mpaka swali la kuwafukuza likaonekana upuuzi.

Lakini msomaji na atazame nani hakuwamo. Chombo kama TCRS hakikuundwa kwa ajili ya vibarua. Mkimbizi ana sheria ya mataifa, ana kadi, ana kambi, ana shirika. Kibarua ana mwajiri. Aliyekimbia bunduki mwaka 1961 alikuwa na njia ya kufikia uraia baada ya miaka 19. Aliyekimbia njaa mwaka 1944 hakuwa na njia hiyo, wala mwanawe, ingawa huenda walipanga mstari mmoja siku ya Komunio. Kanisa, lililofundisha kwamba wote wawili ni wageni mbele ya Mungu, lilifuata katika kazi zake mgawanyo uliofanywa Geneva. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya habari hii, na si haki kuificha kwa sababu ya wema uliotendwa upande wa pili.

Sheria ya uraia ya 1995 haikulikata fundo hili. Kwa maneno yake, kila aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano huhesabiwa kuwa raia, isipokuwa mtoto wa balozi au wa adui. Lakini maofisa wameitumia kana kwamba yataka pia mzazi mmoja awe raia, na mwenye kubanwa ni yule yule mtoto wa kibarua. Mgeni anayeomba uraia hutakiwa awe amekaa nchini miaka kadhaa, awe na tabia njema, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Sharti la Kiswahili linachekesha kidogo huku Bukoba, ambako kanisa limesali kwa Kihaya miaka mingi na wazee wenyeji wengi hutumia Kiswahili pale tu wanapokwenda ofisini. Mzee wa Kirundi aliyekaa Kamachumu miaka 50 huenda akaongea Kihaya kwa lafudhi isiyomtofautisha na jirani yake. Kihaya hakihesabiwi.

Kisha ikaja 1994. Katika siku za mwisho za Aprili watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja wakaingia Ngara. Misitu ilikatwa, bei zikapanda, silaha zikaingia, na baada ya Desemba 1996, Serikali ilipowarudisha, moyo wa mkoa haukuwa tena ule wa zamani. Ujambazi wa barabarani katika Biharamulo na Ngara, na makundi ya ng'ombe katika mapori ya hifadhi, viliwaudhi watu kwa haki. Neno Mnyarwanda, lililokuwa jina la kabila, likawa shtaka.

Mwishoni mwa Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani katika Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Wengi waliondoka kwa hofu. Septemba 6 ikaanza Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, na miongoni mwao walikuwako waliokaa nchini miaka mingi, wenye wake au waume Watanzania, hata waliozaliwa hapa hapa. Mume alipelekwa, mke akabaki na kibanja. Watoto waligawanywa kwa kufuata karatasi ya mzazi. Ndoa hizo zilikuwa zimefungwa na mapadri na wachungaji, na Kanisa Katoliki hufundisha kwamba alichounganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe. Hapo swali la kibali cha kukaa lilihama kutoka ofisi ya uhamiaji likaingia sakramentini. Baada ya operesheni Idara ya Uhamiaji, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la uhamiaji, ilianza kuwaandikisha kwa mitambo wahamiaji wakaaji wa muda mrefu, kwanza Kigoma. Lilikuwa kiri la kimya kwamba kufukuza hakukujibu swali.

Kwingineko duniani swali hilo limejibiwa kwa namna ambayo watu wa Kagera wangeitambua. Marekani ilipotoa mwaka 1986 sheria ya kuwahalalisha waliokuwa wakikaa bila kibali, watu wapatao milioni 2.7 walipata hati. Ofisi za majimbo ya Kanisa Katoliki ziliteuliwa rasmi kupokea maombi, na barua za makanisa zilikubaliwa kuwa miongoni mwa ushahidi wa muda ambao mtu amekaa. Yaani serikali tajiri yenye karatasi nyingi kuliko zote ilibidi iombe daftari la parokia. Mwaka 2006, bunge la huko lilipofikiria kumfanya mkosaji anayemsaidia mhamiaji asiye na kibali, Kardinali Roger Mahony wa Los Angeles alitangaza kwamba atawaagiza mapadri wake wasiitii sheria ya namna hiyo. Na karibu zaidi, Katiba ya Uganda ya 1995 iliwaorodhesha Wanyarwanda miongoni mwa jamii za asili zilizokuwako nchini kabla ya Februari 1926. Mjukuu wa kibarua aliyevuka mto Kagera na kuendelea mpaka Masaka aweza kuwa raia wa kuzaliwa. Mjukuu wa ndugu yake aliyechoka njiani na kubaki Bukoba hujibu maswali.

Wako wanaosema kwamba dini isiingie hapa, kwa kuwa nchi isiyolinda mpaka wake si nchi. Hoja hiyo ina uzito, na wanadini wenyewe hawaikatai: Pacem in Terris yenyewe huifunga haki ya kuhama na manufaa ya wote, na sheria ya Musa iliyoamuru mgeni apendwe ilimtaka mgeni naye ashike sheria ya nchi. Lakini hoja ya mpaka yamhusu anayeingia leo usiku. Haimfikii aliyezaliwa Muleba mwaka 1970 kwa mama aliyezaliwa Muleba. Wala haifai kudhani kwamba Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, limekwisha maliza jambo. Katika mapatano yale Tanzania ilifungua milango kwa wafanyakazi wa fani zilizotajwa, wenye elimu na vyeti. Mpalilizi wa migomba hakutajwa.

Tena mashaka ya uraia hayana adabu ya kubaki kwa wanyonge. Mwaka 2018 Idara ya Uhamiaji ilimhoji Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara juu ya uraia wake, naye ni askofu wa jimbo ambalo maelfu ya waumini wake wameulizwa swali hilo hilo. Askofu ana jina, ana baraza la maaskofu nyuma yake, na magazeti yaliandika.

Ubatizo wa kibarua haukuandikwa na gazeti lolote. Umo katika kitabu kirefu chenye jalada gumu, mwandiko wa padri umeinama, wino umekuwa rangi ya kahawia: jina la Kikristo, jina la kwao, baba fulani, mama fulani, amezaliwa Urundi, msimamizi ni mwenye kibanja. Pembeni, kwa kalamu nyingine na miaka kadhaa baadaye, imeongezwa habari ya ndoa. Mjukuu akija kuomba nakala, karani wa parokia humwuliza jina la babu, hufungua kitabu, hupitisha kidole juu ya mistari mpaka aufikie, kisha hunakili, hupiga muhuri, na kumpa karatasi aende nayo ofisini.